Rundo Halina Joto Moja

Mwalimu wa Fizikia aliyetufundisha katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Bariadi hakukubali hata siku moja mwanafunzi aseme kwamba kipimajoto hupima joto la maji, au la chai, au la mgonjwa. Kipimajoto, alisema, hupima joto lake chenyewe, kingine hakijui. Kazi ya mpimaji ni kukiweka mahali panapofaa, kisha kungoja mpaka kikubaliane na kile tunachotaka kukijua. Neno hilo, kukubaliana, alilitamka taratibu, kama mshenga anayeeleza mazungumzo baina ya koo mbili, na akishalitamka alinyamaza, akakitazama kipimajoto ndani ya bilauri, nasi tukamtazama yeye.

Namwandika leo kwa sababu kazi yangu imekuwa ni kupima halijoto, ingawa si ya chai wala ya mgonjwa, na kwa sababu mwaka huu ilibaki siku chache tu makala iondoke mikononi mwangu ikiwa na jina langu juu yake, hali sikuwa na hakika kwamba ni ya kweli. Nilikuwa nimechoka. Uchovu huo nitauzungumzia mahali pake, maana nao ni sehemu ya habari hii.

Shule yetu ilikuwa na kipimajoto kimoja kizima. Mwalimu alikihifadhi ndani ya soksi ya sufi, na soksi ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo hilo alilibeba chini ya kwapa kila alipokwenda, hata kanisani. Vipimajoto vingine vilivyobaki kabatini vilikuwa na ugonjwa mmoja: uzi wa zebaki umekatika. Uzi ukikatika, kipande cha juu hubaki kimeelea peke yake ndani ya kioo, na msomaji asiye mwangalifu husoma ncha ya kipande hicho, akaandika joto lisilokuwepo. Mwalimu hakuvitupa. Wauza samaki walipopita kutoka ziwani na masanduku yao, aliwaomba barafu, akaichanganya na chumvi ndani ya sufuria, akatumbukiza humo kitunguu cha kipimajoto, ile sehemu ya chini inayobeba zebaki, mpaka zebaki yote ikarudi chini na uzi ukaungana. Kisha alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakizungusha kati ya vidole, akatuita mmoja mmoja tuje tuutazame uzi. Hakutuuliza tumeelewa nini. Aliuliza tumeona nini, akangoja.

Kungoja ndiko kulikokuwa tabia yake kuu. Asubuhi alisimama penye lango na kumwambia kila mpitaji mwangaluka, nayo salamu ile ya Kisukuma ina hatua zake: wa nyumbani wameamkaje, ng'ombe je, mvua je. Wengi wetu tulizijibu hatua hizo huku miguu ikiwa imeshatangulia darasani. Yeye alingoja jibu la kila hatua, na usipolitoa alibaki amekutazama kwa upole, mkono wako ukiwa ndani ya wake, mpaka uone haya urudi kulitoa. Katika chumba cha walimu chai yake ilipoa mpaka ikaota utando. Mwalimu mmoja kijana wa Kiingereza alimwuliza mbele ya wenzake kama chai ikishakubaliana na chumba bado huitwa chai. Mwalimu wa Fizikia alikitazama kikombe, akasema, “Hapana. Sasa inaitwa joto la chumba,” akainywa.

Hakuwa mtu wa kudharau maarifa yasiyotoka kitabuni. Siku moja alimleta darasani mzee mfugaji, baba wa mwanafunzi mwenzetu, atueleze anavyomjua ng'ombe mwenye homa. Mzee alieleza kwamba hushika sikio mahali linapoanzia, karibu na kichwa, kisha huushusha mkono mpaka kwenye ncha. Tofauti ya mahali hapo pawili ndiyo inayomwambia. Mwalimu alifurahi sana. Aliandika ubaoni: mahali pawili. Kisha akatoa kipimajoto chake kwenye soksi, akaanza kueleza kingewekwa wapi na kingengojwa kwa muda gani, na mzee akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

“Mwalimu,” akasema mzee, “ng'ombe wangu akikingoja hicho kijiti chako kikubaliane, tutakuwa tumeshamla.”

Darasa zima lilicheka, na aliyecheka kwa muda mrefu kuliko wote ni Mwalimu. Miaka mingi baadaye bado alikisimulia kisa hicho kama ushindi wa mzee yule, bila kujitetea hata kidogo.

Lakini mtu huyu aliyekuwa mwangalifu hivyo alikuwa na upande mwingine. Saa yake ilikuwa nyuma, naye alijua, wala hakuisogeza. Alichelewa vipindi vyake mwenyewe na kuwaadhibu waliochelewa. Alama za mitihani alizinakili vibaya mara kwa mara, na tulimpelekea masahihisho ambayo mara nyingine yalitupunguzia alama, kwa kuwa tulimwogopa zaidi akigundua mwenyewe. Alipougua malaria hakukubali kupimwa. Alikuja darasani amejifunika blanketi, meno yakigongana, akafundisha somo la ujotoridi huku jasho likimtiririka, na msichana mmoja alipothubutu kumshauri akitumie kipimajoto kile kile kilichokuwa mkononi mwake, alisema tu, “Najua.” Alitukaripia kwa kuamini mambo ya radi, akatuchorea mawingu na chaji zake, ila mvua yenye ngurumo ilipoanza, alitoka kwenda nyumbani kwake nyuma ya madarasa, akafunika kioo cha ukutani kwa kanga ya mkewe, kama wafanyavyo wazee wetu. Tulimwona dirishani. Tulipomwuliza, alisema anakifunika kwa sababu ya vumbi. Mvua ilikuwa inanyesha kwa nguvu.

Sasa nieleze habari ya pamba, ambayo ndiyo iliyomfanya ajulikane nje ya shule.

Kijijini kwetu, mwendo wa baiskeli kutoka shuleni, wakulima walipeleka pamba kwenye ghala la chama cha msingi. Pamba ililetwa ikiwa na mbegu zake, ikapangwa safi mbali na fifi, yaani ile chafu, ikamwagwa kwenye rundo kungoja lori la kuipeleka kinuni. Kila mtu alijua kwamba wapo waliozimwagia maji robota zao usiku wa kuamkia siku ya kupima ili ziongezeke uzito, na kila mtu alisema ni watu wa kitongoji kingine. Pamba yenye unyevu ikilaliwa na pamba nyingine hutoa joto. Mbegu huanza kujipika zenyewe. Kwa nje rundo hubaki jeupe.

Mwaka ule lori lilichelewa. Rundo lilipanda mpaka likakaribia kenchi za paa, na karani wa chama, aliyekuwa na desturi ya kuuzamisha mkono wake ndani ya rundo mpaka begani, alisema anahisi harufu asiyoipenda. Kulikuwa na dawa moja tu: kulifumua rundo lote, kuitoa pamba nje, kuianika juu ya maturubai, kisha kuirudisha. Ilikuwa kazi ya siku nyingi kwa watu wote, na upande wa mashariki mawingu yalikuwa yamejikusanya, jambo la ajabu kwa majira yale. Watu walikuwa wametoka kuvuna. Mikono yao ilikuwa imechanwa na vifuko vya pamba. Mwenyekiti wa chama akasema kabla ya kuwasumbua watu, aitwe Mwalimu apime.

Alikuja kwa baiskeli, kopo likiwa limefungwa nyuma. Waliokuwapo husimulia kwamba alipanda juu ya rundo kwa ngazi, akasukuma ndani bomba la chuma, akateremsha kipimajoto humo kwa kamba, akangoja kwa muda ambao haujawahi kungojwa na mtu katika ghala lile. Aliposhuka alisema rundo liko salama. Watu walimshukuru, wakaenda kulala.

Lori lilipofika na rundo likafunuliwa, ndani kulikuwa na pamba ya rangi ya chai. Haikuwa imewaka moto, ilikuwa imeiva. Mbegu zilikuwa nyeusi, na ukizibonyeza zilikuwa laini kama maharage yaliyochemshwa. Kinu kiliirudisha pamba yote, iliyoharibika na iliyopakana nayo. Mwaka ule dada yangu mkubwa, aliyekuwa akiingia kidato cha tatu, hakurudi shule, wala hakurudi tena baada ya hapo.

Mkutano wa wanachama uliitishwa kumtafuta mwenye kosa. Mwalimu hakualikwa, kwa kuwa hakuwa mwanachama. Alikuja. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya dirisha la ghala pamoja na wasichana wenzangu, na maneno yake niliyasikia kwa masikio yangu.

“Nilipima mahali pamoja, nikasema pote,” alisema. “Rundo halina joto moja. Kosa ni langu.”

 Watu walikuwa wamekuja na hasira ya kutosha wiki nzima, na sasa hawakujua waiweke wapi. Ndipo baba yangu akasimama, akavuka nafasi iliyokuwa wazi katikati, akampa mkono. Baada yake wengine wakafuata. Nilikua nikijivunia mkono ule wa baba. Niliwasimulia watu wa mataifa mengine habari yake, nikiwaeleza watu wa kwetu walivyo.

Tangu siku ile Mwalimu alitufundisha jambo moja kuliko yote. Kila tulipoandika halijoto yoyote katika daftari, aliandika pembeni kwa wino mwekundu: Umepima wapi? Hakutoa alama mpaka ajibiwe. Wazazi walimtaja kwa watoto wao kama mfano wa mtu mkweli. Mimi nilimwamini kuliko mtu yeyote aliyewahi kunifundisha, na nilipochagua kazi, niliichagua kwa sababu ya swali lile.

Kazi yenyewe ni hii. Tunatumia chembe za almasi zilizo ndogo kiasi kwamba mamia yake yangepangwa katika upana wa unywele mmoja. Almasi ni kaboni tupu iliyojipanga kwa utaratibu, lakini katika chembe hizi tunataka kasoro: mahali fulani atomu ya nitrojeni imekaa pasipo pake, na kando yake pana nafasi iliyoachwa wazi. Kasoro hiyo ikimulikwa kwa mwanga wa kijani hutoa mwanga mwekundu. Ukiielekezea pia mawimbi, jamaa ya yale yanayobeba simu zetu, yakiwa na kasi fulani ya mtetemo, wekundu huo hufifia; na kasi hiyo inayoufifisha husogea kidogo kila halijoto inapobadilika. Kwa hiyo kila chembe ni kipimajoto. Tunaziingiza ndani ya seli hai, tunaziangalia kwa hadubini, na kwa kutafuta ni katika mtetemo gani mwanga wake unafifia tunajua joto la mahali padogo mno, ndani ya kitu ambacho chote ni kidogo mno. Ukinieleza kwamba seli ina halijoto fulani, mimi nitauliza upande gani.

Nyumbani kazi hii imeniletea sifa nisiyostahili. Kwa kuwa wilaya za jirani upande wa Shinyanga zina almasi za kweli, watu wa kwetu wanajua almasi ni nini, na kila nikija likizo naangaliwa masikio na vidole.

Matokeo yetu yalikuwa hivi: tulipoichochea seli kwa dawa fulani, almasi zilizokuwa karibu na sehemu zake zinazozalisha nguvu zilionyesha joto zaidi kuliko zilizokuwa mbali. Yalikuwa matokeo mazuri. Mkuu wa maabara yetu alitaka makala ipelekwe kwenye jarida mara moja, kwa kuwa maabara nyingine zilikuwa zikikimbilia jambo hilo hilo, na mkataba wangu wa kazi ulikuwa unategemea makala hiyo. Ila kulikuwa na almasi ambazo sikuzihesabu. Zilikuwa karibu na zile nzuri, na hazikuonyesha tofauti yoyote, au zilionyesha kinyume. Chembe hizi hutofautiana. Nyingine nyuso zao huharibika, na iliyoharibika hutoa jibu la uongo. Niliziita zilizoharibika, nikaziweka kando. Nilikuwa nimefanya kazi ile kwa miaka, nikila nimesimama, macho yakiniuma kwa ule mwanga mwekundu. Nilitaka iishe. Nikaomba likizo ya wiki mbili, nikamwahidi mkuu wangu kwamba nitaisoma makala kwa mara ya mwisho nikiwa nyumbani na kumpa ruhusa.

Niliisoma mara tatu, sikuweza kuitoa ruhusa, wala sikuweza kusema kwa nini.

Mwalimu alikuwa amestaafu siku nyingi, akahamia Nassa kwa binti yake, karibu na ziwa. Nilitoka Bariadi asubuhi, nikabadili gari Lamadi, nikapita Nyashimo siku ya soko, nikafika alasiri nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu. Mkononi alikuwa na sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akivitafuna polepole upande mmoja wa mdomo.

“Mwadila, Mwalimu,” nilimsalimu kwa salamu ya Kisukuma ya mchana.

“Mwadila, mayu,” alijibu, akiniita mama. Aliushika mkono wangu, akangoja. Nikazitoa hatua zote za salamu, moja moja. Alipomaliza kuzipokea akalitaja jina langu, na mwaka niliomaliza shule, na alama aliyonikata katika mtihani wa mwisho.

Binti yake aliniletea maji, akaketi kwenye gogo. “Dada, tunasikia huko unafanya kazi na almasi,” alisema. “Mbona hata hereni huna?”

Nilimweleza kwamba almasi zangu hazionekani kwa macho.

“Basi hizo ni almasi za kuambiwa,” akasema, akaenda jikoni akicheka.

Mwalimu alitaka kujua kila kitu. Nilimweleza kasoro ndani ya almasi, mwanga wa kijani na mwekundu, na mawimbi, naye alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Aliniuliza kama taa yangu haiipashi seli joto, kisha nikapima joto nililolileta mwenyewe. Nilimweleza tulivyojihadhari na jambo hilo, akaridhika. Aliniuliza chembe inachukua muda gani kukubaliana na mahali ilipo. Nilimwambia ni mara moja, chini ya kufumba na kufumbua, kwa jinsi ilivyo ndogo. Alitabasamu, akasema yule mzee wa ng'ombe angefurahi.

“Na zenyewe kwa zenyewe, zinakubaliana?” akauliza.

“Nilizozichagua zinakubaliana.”

“Ulizozichagua,” alisema. Halikuwa swali. Akaiweka sahani chini kwa kuipapasa ardhi. “Na zile nyingine?”

Nilimwambia zimeharibika.

“Umeziangalia ukaona zimeharibika?”

Kuku walikuwa wanaparua chini ya ukuta. Nilitaka kumweleza gharama ya muda, na namna ya kuzikagua, na kwamba ni desturi, na kila neno kati ya hayo lilikuwa la kweli.

“Sijaziangalia,” nikasema.

Alilivuta blanketi mpaka kifuani. Aliponena tena, sauti yake haikuwa ya darasani.

“Mayu, siku ile ya pamba nilipima mahali pawili.”

Niliweka bilauri ya maji chini.

“Pa kwanza palikuwa pazuri. Nikahamisha bomba, nikalitia upande wa mlango. Pale palikuwa na joto. Joto kubwa. Chini walikuwa wamesimama watu wote, wananiangalia, mikono yao unaijua ilivyokuwa. Na mimi nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimetoka kusahihisha mitihani. Nikajiambia uzi wa zebaki umekatika. Uzi hukatika, wewe unajua. Baiskeli ilikuwa imenitingisha njia nzima. Nikashuka, nikawaambia rundo liko salama.”

“Labda ulikuwa umekatika kweli,” nikasema.

“Niliuangalia nilipofika nyumbani. Niliusimamisha dirishani, nikauzungusha.” Vidole vyake vilikuwa vinafanya hivyo hivyo hewani, kati ya gumba na shahada. “Ulikuwa mzima. Jua lilikuwa bado halijazama. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Sikurudi.”

Nilijikuta nahesabu: lori lilifika baada ya wiki. Rundo lingeweza kufumuliwa. Dada yangu anauza dagaa leo katika soko nililolipita asubuhi ile ile, nami nilikuwa nimemnunulia soda.

“Kwenye mkutano ulisema mahali pamoja,” nikasema.

“Nilisema pamoja. Watu wakanisifu kwa kusema kweli, na wewe ukanisifu. Kila nilipokuandikia lile swali kwenye daftari nilikuwa najiuliza mimi.”

Niliona hasira inanipanda, kisha nikaona sina nguvu ya kuishikilia. Nilimwuliza kwa nini amenieleza mimi, leo.

“Lori langu liliondoka,” alisema. “Lako bado lipo.”

Hatukuongea zaidi juu ya jambo hilo. Binti yake alileta chai, naye akaiacha ipoe. Niliposimama kuaga, aliuliza kama baba yangu yupo bado. Nikamwambia yupo, ana miguu mibaya tu.

“Ndiye aliyenipa mkono wa kwanza,” alisema. “Ule mkono umenilemea kuliko pamba yote. Mwambie palikuwa pawili.”

Pale Nyashimo, nikingoja gari, nilimwandikia mkuu wa maabara kwamba makala isipelekwe. Sikueleza sababu, kwa kuwa sababu ilikuwa fupi mno kwa mtu asiyemjua Mwalimu: sikuwa nimeutazama uzi. Alinijibu kabla gari halijaja, kwa maneno ya adabu, akinikumbusha tarehe ya mwisho wa mkataba wangu.

Kesho yake asubuhi nilimkuta baba kibarazani anachambua mbegu za kupanda, anazitenga nzima na zilizotobolewa. Nilikaa karibu naye, nikamweleza yote, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa kueleza. Hakuinua kichwa.

“Mahali pa pili palikuwa upande gani?” aliuliza.

“Upande wa mlango.”

Vidole vyake vilisimama juu ya mbegu. Vilikaa hivyo mpaka mimi nikavitazama.

“Upande wa mlango zilikuwa robota zetu,” alisema. “Nilizimwagia maji mwenyewe. Ndoo mbili. Mama yako alinikataza.”

Akaendelea kuchambua. Mimi niliiweka kompyuta magotini, nikafungua orodha ya almasi nilizozitupa, nikatafuta picha ya ile ya kwanza, nikaanza kuitazama.